Gari Lako Haliumwi Injini, Linaumwa Waya na Mipira

Wadau, leo siongelei bajeti, siongelei Simba na Yanga, wala siongelei foleni. Naongelea kitu ambacho wengi wetu tunakimiliki na hatukiangalii kamwe: zile waya na vile vimipira vyeusi vilivyo chini ya boneti.

Kuna sentensi moja ambayo kila mwenye gari kuukuu hapa mjini ameshaisikia, na kila akiisikia pochi inatetemeka: "Bosi, hii sensa imekufa." Unakwenda Gerezani, unanunua sensa. Gari linatulia siku tatu. Siku ya nne taa ya injini inawaka tena kwenye dashibodi, na fundi anakwambia sasa ni sensa nyingine. Mwezi unaisha umebadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta, na gari bado linatetemeka ukisimama kwenye mataa kama mtu mwenye homa.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka mwisho: magari mengi ya zamani tunayoyaita "mabovu" hayana ubovu wa injini. Yana waya zilizooza na mipira iliyopasuka. Tunakataa kubadilisha vitu hivyo viwili kwa sababu havionekani, havina jina kubwa, na hakuna anayetaka kulipia muda wa kuvitafuta. Badala yake tunaviunga na kuviziba, tunavifunga tepu, halafu tunalaumu Wajapani.

Tuanze na umri, maana hapo ndipo tunapojidanganya. Mtu akinunua gari la mtumba anauliza swali moja: limetembea kilomita ngapi? Ni swali zuri kwa pistoni na giaboksi. Kwa waya na mpira halitoshi. Mpira unazeeka kwa miaka na kwa joto, hata gari likiwa limeegeshwa uani. Vilevile ganda la plastiki la waya. Gari la mwaka 1998 lenye kilomita 80,000 tu bado lina mipira ya mwaka 1998, kama hakuna aliyeibadilisha. Huo mpira ni mkubwa kuliko mdogo wako aliyemaliza chuo juzi.

Na joto la chini ya boneti si la mchezo. Injini ikiwa imepata moto wake wa kawaida, maji yake yenyewe yako kwenye nyuzijoto 90 hivi, na karibu na eksozi ni zaidi ya hapo sana. Wahandisi wa umeme wana kanuni ya makadirio ya siku nyingi: joto likiongezeka kwa nyuzi 10, uhai wa ganda la waya unapungua kwa takriban nusu. Sasa chukua gari, liweke kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, Januari, kiyoyozi kimewashwa. Halafu fanya hivyo kila siku kwa miaka kumi.

Tuelewane kwanza hizo waya zinafanya nini. Injini ya kisasa, na kwa "kisasa" nazungumzia hata magari ya miaka ya tisini, inaongozwa na kontroli boksi. Boksi halina macho. Linajua joto la injini, hewa inayoingia na mguu wako kwenye mafuta kwa kupokea umeme mdogo kutoka kwa sensa. Sensa nyingi zinafanya kazi kwenye volti 5 tu. Waya wa ardhi wa sensa ukishika kutu na kupoteza nusu volti, boksi limeshadanganywa kwa asilimia 10. Sensa ni nzima, boksi ni zima, uongo uko njiani. Unaweza kununua sensa mpya kumi za bei mbaya, zote zitadanganya vilevile, kwa sababu zinapita njia ileile.

Mipira nayo ina kazi yake. Injini ya petroli inavuta hewa kwa nguvu, na ile nguvu ya kuvuta, mafundi wanaiita vakyumu, inatumika kuendesha vitu vingine pia. Injini nzima ya petroli, usawa wa bahari kama hapa Dar, ikiwa inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, kwa kawaida inasoma inchi 18 hadi 22 za zebaki kwenye geji ya vakyumu. Ukipanda mlima inapungua, takriban inchi moja kwa kila mita 300. Kwa hiyo fundi wa Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, akisoma 14, injini inaweza kuwa nzima kabisa. Akisoma 14 fundi wa Kigamboni, kuna jambo. Geji ya kupima hivyo ni kifaa rahisi cha mkononi. Jiulize ni gereji ngapi umewahi kukiona kikitumika.

Sasa mpira mmoja ukipasuka, hewa inaingia pasipotakiwa. Kwenye magari yanayopima hewa mlangoni, hewa hiyo haijapimwa. Boksi linatoa mafuta ya hewa linayoijua, na ile ya ufa inabaki bila mafuta yake. Injini inamisi, inatetemeka, sailensi inapanda na kushuka. Sensa ya oksijeni kwenye eksozi inaona hewa imezidi, inatoa taarifa kama ilivyoajiriwa kufanya. Boksi linaongeza mafuta, linaongeza tena, mwishowe linafika kikomo na kuwasha taa. Ukipima kwa kompyuta unakuta kodi P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Na hapo ndipo mtu anachukua spana na kung'oa sensa ya oksijeni!

Wazee walisema mjumbe hauawi. Sisi tunamuua mjumbe, tunamzika, halafu tunanunua mjumbe mwingine Gerezani.

Rafiki yangu mmoja, naye ni mwandishi, alizungushwa hivyo miezi miwili na saluni yake ya Kijapani ya mwaka 1998. Kwenye gereji moja walimbadilishia plagi, pampu ya mafuta na sensa mbili. Hela zilizotoka zilizidi mshahara wake wa mwezi. Mwisho alimpata mzee mmoja ambaye hakugusa kompyuta kwanza. Alichukua kipande cha mpira kirefu, ncha moja sikioni, ncha nyingine akaizungusha taratibu nyuma ya injini, kama daktari na kifua cha mtoto. Dakika ishirini. Kulikuwa na mlio wa "sssss" nyuma kabisa, kwenye mpira wa ukubwa wa kidole uliopasuka kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mpira mpya ulikuwa elfu nane. Rafiki yangu hakujua acheke au alie.

Msinielewe vibaya. Sisemi sensa hazifi. Zinakufa. Nasema anayekuuzia sensa kabla ya kupima waya unaoifikia na mipira iliyo jirani yake, anabahatisha kwa hela yako.

Nikija kwenye hii tabia ya kuunga, hapo damu inachemka kabisa. Waya wa injini umekatika, fundi anachukua kipande cha waya uliobaki kwenye kazi ya nyumba ya mtu, anausokota na ule wa zamani kwa vidole, anazungusha tepu nyeusi, kazi imekwisha. Waya wa kawaida wa nyumba una ganda la PVC lililopimwa kwa nyuzijoto 70. Nimeshasema maji ya injini yako ni 90. Nani kakaanga nani hapo? Waya wa nyumba mara nyingi pia ni shaba ya uzi mmoja mgumu, umetengenezwa kukaa ukutani kimya. Kwenye gari unatikiswa kila sekunde, unachoka, unakatikia ndani ya ganda ambapo huoni. Waya wa gari una nyuzi nyingi nyembamba kwa sababu hiyo, na ule wa kufaa sehemu za moto una ganda linalostahimili nyuzi 125. Na tepu ya kawaida ikishapata joto, gundi inayeyuka, tepu inateleza, unabaki na shaba uchi inayocheza karibu na bomba la mafuta.

Ongeza hapo mwenzetu anayechoka na fyuzi inayokatika, akaweka waya mzito mahali pa fyuzi. Fyuzi ilikuwa inapiga kelele kwamba kuna waya umegusa bodi. Amemziba mdomo. Kitakachoungua sasa si fyuzi tena, ni gari, na pengine na mtu aliyelala kiti cha nyuma.

Mnaodhani haya ni mambo ya umaskini wetu tu, chukueni mfano wa Mercedes-Benz. Magari yao mengi ya takriban 1992 hadi 1996, W124 za mwishomwisho, W140, W202 za mwanzo, yalitoka kiwandani na wayaringi ya injini ambayo ganda lake halikustahimili joto. Baada ya miaka kadhaa ganda linakauka na kupukutika kama ganda la karanga ukilikunja kidogo. Waya zinagusana, injini inamisi, kontroli boksi lenyewe linaweza kuungua. Volvo nao walikuwa na tatizo la aina hiyo kwenye magari yao ya miaka ya themanini. Wenye magari haya Ulaya na Marekani walijifunza somo moja: wayaringi hiyo haiungwi. Ukiunga hapa, inapukutika sentimita mbili mbele. Inatolewa yote, inafungwa mpya, au inajengwa upya waya kwa waya. Ndiyo maana mnunuzi mjanja wa W124 ya miaka hiyo anaangalia kwanza kibandiko cha tarehe kwenye wayaringi, rangi ya gari baadaye. Na sisi Benzi hizo tunazo mitaani, tunaziita za wazee, tunazifunga rimu mpya na muziki wa kutikisa madirisha, huku chini ya boneti waya ziko uchi.

Hadithi ya vakyumu kwenye Benzi za zamani ni kali zaidi. Kwenye dizeli kama W123, vakyumu ndiyo inayozima injini na ndiyo inayofunga milango. Mpira wa mlango ukivuja, unatoa ufunguo na injini inaendelea kunguruma, watu wanaanza kusema gari lina majini. Kwenye giaboksi zao nyingi za otomatiki za wakati huo, vakyumu inaamua gia ziingie laini au kwa kishindo. Mpira unapasuka, gia zinapiga teke, na mtu anashauriwa afungue giaboksi nzima. Giaboksi nzima, kwa ajili ya kimpira!

Haya, tuache hela, tuje kwenye roho za watu. Kile kinachofanya breki zako ziwe laini, busta ya breki, kinafanya kazi kwa vakyumu. Kwenye gari la petroli inatoka kwenye injini. Kwenye dizeli nyingi kuna pampu yake maalumu. Kwenye Hiace nyingi za zamani imefungwa nyuma ya altaneta. Mpira wa busta ukipasuka, breki hazipotei, lakini pedali inakuwa ngumu kama jiwe, inahitaji nguvu za mguu ambazo wengi wetu hatunazo wakati mtoto ameruka barabarani mbele yetu. Na fundi aliyeziba mpira wowote wa vakyumu kwa boliti "ili gari litulie," unamuamini vipi kwamba anajua ule unakwenda wapi?

Pima la kwako leo, ni bure. Zima injini. Kanyaga breki mara tano hivi mpaka pedali iwe ngumu. Usiachie mguu, washa gari. Pedali inatakiwa izame kidogo. Isipozama, usiende popote zaidi ya gereji, na uende polepole.

Sasa nani wa kulaumiwa? Hapa najua nitagombana na baadhi yenu, maana jibu rahisi ni "mafundi wetu hawajasoma." Sikubaliani. Wa kulaumiwa kwanza ni sisi tuliosoma.

Angalia tunavyolipa. Fundi akikwambia "nipe laki moja ya sensa," unatoa, kwa sababu unaona boksi, unashika kitu. Fundi huyohuyo akikwambia "nimetumia saa nne kutafuta, tatizo ni mpira wa elfu nane, nipe elfu sitini ya kazi," unamwita mwizi. Unamwambia, "Kaka, mpira wa elfu nane unanitoza sitini?" Umemfundisha nini? Umemfundisha kwamba kufikiri hakulipwi, kuuza spea kunalipwa. Basi anauza spea. Wewe ofisini unalipwa kwa kufikiri, tena kwenye kiyoyozi, ila fundi akifikiri juani unataka iwe bure.

Halafu kuna ile safari ya nosikati. Tunaambiwa chukua wayaringi ya mtumba, imetoka kwenye nosikati, "safi kabisa, ya Japani." Kama gari lako ni la 1997 na nosikati ni ya 1997, umenunua miaka ileile kutoka uani kwa mtu mwingine. Soketi zake zinaweza kukufaa, hilo nakubali. Lakini ganda la waya halijui kwamba lilizeekea Nagoya badala ya Tandika.

Najua hoja zenu, ngoja nizijibu kabla hamjazisema.

"Wayaringi mpya ni ghali." Kweli, na kwa magari mengi ya zamani hata kiwandani haipo tena. Lakini si lazima kununua nzima. Fundi umeme mzuri anajenga upya matawi yanayopita sehemu za moto, anatumia waya wa gari wa unene uleule na rangi zilezile, anabakiza soketi zilizo nzima, anabana viungio kwa koleo lake maalumu na kuvifunika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Ni kazi ya siku kadhaa. Jumlisha sensa ulizonunua mwaka jana ndipo uniambie ghali ni ipi.

"Mipira nitanunua yoyote, mpira ni mpira." Hapana. Mpira wa vakyumu una ukuta mnene ili usinywee ukivutwa. Ukiweka mpira mwembamba wa kupitishia maji, ukipata moto unajibana wenyewe na njia inaziba. Na ile ya silikoni ya rangirangi inayouzwa kama pambo haipatani na mvuke wa petroli na oili. Kila mahali pana mpira wake.

"Si nibadilishe gari tu?" Kwa hela ipi, ndugu yangu? Na ukibadilisha, utachukua nini kama si mtumba mwingine wenye mipira ya umri uleule? Serikali zetu zimejaribu kupambana na umri wa magari kila moja kwa namna yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8. Uganda tangu 2018 imezuia ya zaidi ya miaka 15. Sisi Tanzania tunatoza ushuru wa uchakavu. Sawa. Lakini sheria hizo zinahesabu umri siku ya kuingia nchini. Gari likishavuka geti la bandari mipira inaendelea kuzeeka, na tumelipia uchakavu serikalini bila kuutoa kwenye gari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: ufa wa mpira hauzibwi, mpira unabadilishwa.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni machache. Moja, ukinunua gari la zaidi ya miaka 15, tenga hela ya mipira yote ya vakyumu na ukaguzi wa wayaringi ya injini kabla ya rimu, kabla ya muziki, kabla ya kupaka tinti. Mbili, usilipie sensa yoyote kabla fundi hajakuonyesha kipimo cha waya wake, volti inayoingia na ardhi yake. Tatu, fundi asitafute ufa wa vakyumu kwa kunyunyiza petroli juu ya injini ya moto. Kuna mashine ya moshi, kuna geji, kuna ule mpira wa sikioni wa yule mzee. Nne, na hili ndilo gumu kwenu: lipa muda wa kutafuta tatizo, mlipane mapema na kwa heshima, hata kama kilichopatikana ni kimpira cha elfu nane.

Anayeona nimetia chumvi afungue boneti yake kesho asubuhi, injini ikiwa imepoa. Ashike mpira mmoja mwembamba aukunje taratibu. Atafute waya mmoja karibu na eksozi auangalie ganda lake. Ukikatika mkononi, usinitukane mimi.

Naomba kutoa hoja.